KARANI ALIYEKATAA KUTIA SAHIHI



Leo napenda kusema nanyi juu ya jambo gumu kidogo. Mtu amechaguliwa kwa kura, ameapa, ameshika kazi, kisha asema, "Kazi hii moja siifanyi, dhamiri yangu yanikataza." Afanyiwe nini? Mfanyakazi wa mshahara akikataa kazi, tajiri wake aweza kumwondoa. Lakini tajiri wa huyu ni wapiga kura wote, nao hawapigi kura ila mara moja katika miaka kadha.

Jambo hili lilitokea Marekani, katika jimbo la Kentucky. Huko karani mkuu wa wilaya huchaguliwa na watu, na ofisi yake ndiyo itoayo hati za ruhusa ya ndoa. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba watu wa jinsia moja wana haki ya kuoana katika majimbo yote. Bibi Kim Davis, karani wa wilaya ya Rowan, Mkristo mwenye kushika sana dini, aliona kwamba kutia jina lake katika hati za namna hiyo ni kumwasi Mungu. Basi akaacha kutoa hati kwa watu wote, hata kwa mwanamume na mwanamke, tena akawazuia makarani waliokuwa chini yake wasizitoe.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipokosea. Kuuzuia mkono wake mwenyewe ni jambo la dhamiri. Kufunga mlango wa ofisi ya watu ni jambo jingine. Wale waliorudishwa mlangoni walikuwa raia waliolipa kodi ile ile iliyomlipa yeye mshahara.

Hakuna mkubwa wa ofisi aliyeweza kumfukuza. Uwezo huo ulikuwa wa baraza la kutunga sheria la jimbo, nalo halikumwondoa. Walionyimwa hati wakaenda mahakamani. Jaji akamwamuru azitoe, naye akakataa. Walalamikaji waliomba atozwe faini tu, wala hawakuomba afungwe, lakini jaji aliona kwamba faini haitatosha kumgeuza. Tarehe 3 Septemba akatiwa gerezani. Kesho yake makarani wake wakaanza kutoa hati, na tarehe 8 akafunguliwa kwa amri kwamba asiwaingilie. Hivyo kazi ikaendelea pasipo mkono wake. Je, isingaliwezekana kufanya vivyo hivyo tangu mwanzo, pasipo gereza? Mwaka 2016 jimbo lilitunga sheria ya kuliondoa jina la karani katika hati hizo, na ugomvi wa sahihi ukaisha.

Wabelgiji walipatwa na shida ya namna hiyo mwaka 1990, ijapokuwa aliyekataa alikuwa mfalme, wala mfalme hachaguliwi kwa kura. Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba, na Mfalme Baudouin, Mkatoliki, akasema hawezi kuitia sahihi. Mawaziri hawakugombana naye. Tarehe 4 Aprili walitangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaitia sahihi wao wenyewe, na kesho yake Bunge likamrudishia mamlaka yake. Wengine waliuona huo ni ujanja wa wanasheria. Lakini sheria ya wananchi ilipita, na mfalme hakulazimishwa.

Iko njia nyingine iliyo ya zamani zaidi. Mwaka 1882 manowari za Uingereza zilipopiga mizinga mji wa Iskanderia, waziri John Bright, wa madhehebu ya Quaker, aliona kwamba hawezi kukaa katika serikali iliyofanya hivyo. Akauacha uwaziri, akabaki mbunge tu.

Bibi Davis hakujiuzulu. Aliomba kura tena Novemba 2018, na watu wa Rowan wakamchagua mtu mwingine.