Upatu Haramu na Hesabu Yake



Upatu wa mtaani hauna faida. Watu 10 wakichanga shilingi 20,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 200,000, na mzunguko ukiisha naye amechanga 200,000. Upatu haramu huahidi ziada, na ziada hiyo haitoki katika biashara yoyote, bali katika mfuko wa anayeingia baadaye.

Kila mwanachama akitakiwa kuleta watu 5, hatua ya kwanza huhitaji watu 5, ya pili 25, na ya kumi 9,765,625. Watu huisha kabla ya ahadi kutimia.

DECI iliwataka wananchi "wapande mbegu" ili wavune. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Malipo ya mwanzo si uthibitisho, ni chambo. Anayemwingiza ndugu yake humrithisha hasara. Kabla ya kutoa fedha, iulizwe: faida inatokana na nini? Jibu likiwa "lete wenzako" tu, fedha ibaki mfukoni na taarifa ipelekwe polisi.