Ada Imelipwa, Mlango Haujafunguka

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya elimu katika harambee ya mwaka ya Umoja wetu

 

Tumepewa dakika chache kueleza fungu jipya katika michango ya mwaka huu: fungu la kuwawezesha vijana wetu wenye ulemavu kusoma vyuoni sawa na wenzao. Kila mwaka tunachangia ada, na jambo hilo jema litaendelea. Lakini ada humfikisha kijana getini. Kutoka getini hadi kwenye kiti cha darasani, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye notsi za mhadhiri, kuna safari nyingine ambayo risiti ya benki haiimalizi.

Tuanze na darasa lenyewe. Kwetu ni milimani. Anayejenga Mbeya au Iringa mara nyingi hujenga kwenye mwinuko, na jibu la fundi kwa mwinuko ni ngazi. Kwa anayetumia kiti mwendo, ngazi tatu ni ukuta. Wenzake watambeba wiki ya kwanza kwa moyo mkunjufu. Ikifika wiki ya kumi, yeye mwenyewe ameanza kuchagua vipindi vya kukosa, maana hakuna mtu mzima anayependa kuomba kubebwa mara nne kwa siku.

Dawa yake ni njia ya mteremko, na ina vipimo. Kipimo kinachotumika sana duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji sentimita 120 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, kwa hiyo njia yake ni mita 5.4. Ukiifupisha iwe mita mbili ili kuokoa saruji, umejenga kitu cha kupigia picha siku ya uzinduzi. Hakuna atakayekipanda bila kusukumwa. Jengo likiwa bado kwenye ramani, gharama yake ni ndogo. Likishakamilika, ni kubomoa na kuanza upya.

Kuna vikwazo vingine ambavyo mpita njia havioni. Wengi wa wenye ualbino wana uoni hafifu. Mwanafunzi kama huyo akikaa nyuma hasomi maandishi madogo ya projekta. Asiyesikia vizuri humfuata mhadhiri kwa kutazama midomo. Mhadhiri akigeukia ubao huku anaongea, somo limekatika. Kiziwi anayetumia lugha ya alama anahitaji mkalimani. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu, au kompyuta inayomsomea kwa sauti.

Na siku hizi masomo mengi yamehamia kwenye simu. Mtu anaandika notsi kwa mkono, anazipiga picha, anazituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa anayeona, kazi imekwisha. Kwa asiyeona, haijaanza. Programu za kusoma skrini kwa sauti hufuata herufi, na picha ya mwandiko haina herufi ndani yake. Mara nyingi simu hutamka kwamba hapo kuna picha, basi. Notsi zilezile zikichapwa na kutumwa kama maandishi, kijana huyo anazisoma usiku uleule na wenzake.

Vifaa vya kusomea hivyo si vya kutisha. Programu ya kompyuta iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na inaweza kusoma hata Kiswahili. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani yake tayari. Kinachokosekana ni kompyuta za kuiwekea, skana ya kugeuza vitabu kuwa maandishi, na mtu wa kuwafundisha wanafunzi na wahadhiri namna ya kuvitumia.

Wataalamu huita fikra hii usanifu kwa wote. Aliyeipa jina ni Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani ambaye mwenyewe alitumia kiti mwendo. Alisema majengo na vitu vitengenezwe tangu mwanzo vitumike na watu wengi iwezekanavyo. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Angalieni jinsi wenyeji wanavyopona. Masika yetu mnayajua. Mvua ikipiga bati, mhadhiri hasikiki, na siku hiyo darasa zima halisikii. Notsi zilizochapwa zinawaokoa wote. Njia ya mteremko hupitiwa na mama mjamzito, na bibi aliyekuja kwenye mahafali ya mjukuu wake, na anayesukuma toroli la madawati. Video yenye maandishi chini yake hueleweka hata ndani ya basi lenye kelele. Na maandishi hula bando dogo kuliko picha.

Wala tusidhani haya ni ya wazungu. Iringa mjini tuna Neema Crafts, kazi iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Katika mgahawa wao wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Chai inafika, chakula kinafika. Utaratibu ukipangwa vizuri, ulemavu hauzuii kazi.

Sheria nayo ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Hao ni watu wa kila ukoo uliokaa hapa leo.

Lakini kwa nini tuanze na vyuo? Kwa sababu nyumbani ndiko wanakoandaliwa watakaojenga na watakaofundisha. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinatoa wahandisi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kinatoa walimu. Mhandisi aliyesoma na mwenzake wa kiti mwendo hatasahau mita 5.4 akichora zahanati ya Chunya. Mwalimu aliyezoea kuandika kubwa na kusoma kwa sauti anachoandika ubaoni atakwenda na desturi hiyo Kilolo na Mufindi. Tukitengeneza darasa moja la chuo, tunatengeneza mengi tusiyoyaona.

Kwa hiyo tunaomba mchango wenu kwa mambo matatu. La kwanza, kompyuta zenye programu ya kusoma kwa sauti, pamoja na skana, ziwekwe kwenye maktaba za vyuo vitakavyokubali kushirikiana nasi. La pili, saruji, kokoto na ufundi wa njia za mteremko, zipimwe na mhandisi kabla ya kumwaga zege. La tatu, posho ya wakalimani wa lugha ya alama na mafunzo mafupi kwa wahadhiri.

Na lipo la nne, ambalo halihitaji fedha. Kila tangazo la Umoja wetu linalotumwa kama picha, liambatane na maneno yake yaliyochapwa. Ndugu zetu wasioona wamo kwenye kundi letu, nao wanachangia.

Mwenye mfuko wa saruji alete. Mwenye kompyuta nzima iliyokaa kabatini alete. Mhandisi alete siku yake moja. Haba na haba hujaza kibaba. Meza ya michango iko wazi, karibuni.