Hesabu za Gulioni na Hesabu za Darasani

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za vijana wetu wa shule za sekondari walioachwa nyuma katika hesabu. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania wameshindwa somo hili, na wazazi wengi huku kwetu Singida hukata shauri kwamba mtoto wao hana akili ya kuhesabu. Mimi kazi yangu ni kuwafunza walimu, nami shauri hilo silikubali.

Mtazameni kijana huyo huyo siku ya gulio. Anauza vitunguu vya mama yake, anapokea noti ya elfu kumi, naye arudisha chenji upesi bila kalamu wala karatasi. Jambo hili limechunguzwa hata nchi za mbali. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife, nchi ya Brazili. Walipoulizwa bei kama mnunuzi aulizavyo, walijibu sawasawa maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile juu ya karatasi, tarakimu tupu, walipata kama 37 tu. Basi kuhesabu walijua. Walichokosa ni njia ya kutoka sokoni hata karatasini.

Njia hiyo yaweza kujengwa darasani, na huku kwetu twaweza kuanza na lumbesa. Kila mkulima wa vitunguu aijua: gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonwa kwa kamba, likanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo yaikataza, walakini haijakoma.

Mwalimu aazime mizani dukani, ajaze mchanga katika mifuko miwili, mmoja wa kilo 4 na wa pili wa kilo 5. Wengine wawe wakulima, wengine madalali, wengine wachuuzi wa mjini, na mmoja awe mpimaji. Kila mfuko ununuliwe kwa shilingi 4,000 za karatasi, mzito na mwepesi sawa. Kisha mchuuzi auze mjini kwa kilo, shilingi 1,200 kila moja. Mfuko wa kwanza wampa faida ya 800. Wa pili, 2,000. Hapo wakulima huanza kunung'unika, na manung'uniko hayo ndiyo mlango wa somo.

Sasa mwalimu aulize: mkulima amepunjwa asilimia ngapi? Nusu ya darasa watasema 25, kwa kuwa kilo moja imezidi juu ya nne. Wengine watasema 20, kwa kuwa bei ya kilo imeshuka toka 1,000 hata 800. Waacheni wabishane, tena kwa Kiswahili, hata kwa Kinyaturu au Kinyiramba. Wote wamesema kweli, ila hawa wanagawanya kwa kilo 4 za awali, na wale kwa shilingi 1,000 za awali. Asilimia ya nini? Swali hilo moja nalipenda kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Lakini walimu wengi hukomea hapo. Watoto wamecheka, kengele imelia, na hakuna kilichoandikwa. Mchezo usiofika ubaoni ni mchezo tu. Yapasa kesho yake waandike: kilo 4, bei 1,000; kilo 5, bei 800; kilo 8, bei 500. Wachore mstari wake, waone unavyopinda. Kisha waandike kwa herufi, y ni sawa na 4,000 kugawanywa kwa x, na mwisho wajifunze maneno ya Kiingereza ya jambo hilo, maana mtihani wa sekondari huandikwa kwa lugha hiyo, na wengi hujikwaa katika lugha kabla ya kufika kwenye hesabu.

Siku ya tatu mchanga umwagwe na mizani irudishwe kwa mwenyewe. Kila mwanafunzi apewe swali la mtihani, lenye tarakimu nyingine, alijibu peke yake. Nanyi wazazi, msimu wa mavuno mwacheni mtoto aandike uzito na bei ya kila gunia litokalo nyumbani, kabla dalali hajaondoka.

Kwaherini.