Madaftari mawili ya Uvira: maneno kwa vijana wanaotaka kusomea afya ya umma



Wengi wenu mnatuuliza swali moja: mtu akimaliza masteri ya afya ya umma, yuko tayari kweli kufanya utafiti mtaani, pamoja na watu wa inchi zingine? Jibu letu ni nusu. Masomo yanakupa nusu. Nusu ingine iko hapa mjini.

Tuanze na maji, ju kila mmoja hapa anayajua. Robine ikikauka tunabeba bidoni, tunashuka ziwani. Siku chache zikipita, vitanda vya wagonjwa wa kipindupindu vinajaa. Mama zetu walisema hivyo tangu zamani, na sisi tuliandika kwenye mabango. Lakini mbele ya wakubwa tuliulizwa: ushahidi uko wapi? Tulikuwa na hasira. Hatukuwa na hesabu.

Hesabu ilitoka kwenye madaftari mawili. La kwanza ni la kituo cha maji: leo maji kiasi gani yametoka kwenda mjini. La pili ni la kituo cha kutibu kipindupindu: leo wagonjwa wangapi wameingia. Aurélie Jeandron na wenzake wa London School of Hygiene and Tropical Medicine waliyaweka pamoja, siku kwa siku, kuanzia 2009 mpaka 2014. Mwaka 2015 walitoa majibu katika jarida la PLoS Medicine. Baada ya siku moja bila maji ya robine, katika siku 12 zilizofuata, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa wastani wa 155 kwa mia. Ni kusema, zaidi ya mara mbili na nusu. Na kwa wagonjwa wote wa miaka ile, karibu 23 kwa mia walitokana na maji kukosekana au kutoka kidogo.

Angalieni vizuri. Yale madaftari hayakutoka Uingereza. Yaliandikwa na fundi wa pampu na muuguzi wa zamu, watu wa hapa hapa. Walioyasoma pamoja walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: walifundishwa kuuliza. Baada ya siku ngapi ugonjwa unaonekana? Mvua je, si yenyewe inaleta matope kwenye mtambo na uchafu ziwani kwa wakati mmoja? Mgonjwa wa kudhaniwa na mgonjwa aliyepimwa labo, ni sawa? Tena waliuliza swali kali zaidi: kama kweli ni robine, mitaa inayotumia sana maji ya robine itaumia zaidi siku yanapokatika. Wakakuta ndivyo ilivyo. Hiyo ndiyo kazi ya masteri. Inakufundisha kushuku jibu lako mwenyewe kabla mtu mwingine hajalishuku.

Mfano wa pili. Mnakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika na kubeba nyumba za watu. Mwaka ule ule ilikuja kampeni ya chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Wengi walipata dozi moja tu, si mbili. Je, moja inasaidia? Timu iliyolinganisha wagonjwa waliothibitishwa na majirani zao wa umri na jinsia moja ilipata jibu: baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, dozi moja ilikinga karibu 53 kwa mia, kati ya miaka miwili na mitatu, karibu 45 kwa mia. Jibu hilo lilitoka 2024 katika The Lancet Infectious Diseases, na jina la kwanza kwenye karatasi ni Espoir Bwenge Malembaka, mtafiti wa Université Catholique de Bukavu. Bukavu, wandugu! Msiseme tena kwamba sayansi inashuka na ndege tu.

Sasa ile nusu ingine. Sisi wenyewe tumezunguka na karatasi za maswali, mlango kwa mlango. Swali limeandikwa: "Je, mnakunywa maji safi?" Mama anajibu ndiyo. Kwake maji safi ni yale yasiyo na matope. Kwa aliyeandika swali ni yale yenye klori. Wote wawili wanasema kweli, na hesabu inatoka uongo. Kosa kama hilo huwezi kulisahihisha baadaye na kompyuta. Linasahihishwa na kijana anayejua mama anamaanisha nini, na mwenye ujasiri wa kumwambia mkubwa wake: hili swali ni baya, tulibadilishe.

Na ruhusa pia. Darasani ni fomu ya kutia sahihi. Hapa, mtu aliyekimbia vita mara tatu akiona karatasi na jina lake, anafikiri ni liste ya msaada, ao anaogopa. Atakuuliza: "Mtatuletea nini?" Ukisema uongo hapo, umeua utafiti wako na wa mwingine atakayefuata. Sema kweli: leo hatuleti kitu, tunatafuta kujua, na majibu tutarudi nayo.

Hapo ndipo tunapoumia. Mara ngapi vijana wa Uvira wamekusanya habari juani na kwenye mvua, wakalipwa kwa siku, na hawakuona tena majibu? Wao wanajulikana kama "wakusanyaji". Mtaa uliojibu maswali haujulikani kabisa. Hatukatai wageni, bila wao yale madaftari mawili pengine yangelala kwenye vumbi. Tunakataa kubaki mikono bila kichwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini kazi ya utafiti, uliza mambo matatu. Nani aliandika swali? Takwimu zitakaa wapi, na Mkongomani gani ataweza kuzifungua? Majibu yatarudi mtaani lini, kwa luga gani? Anayekujibu vizuri, fanya naye kazi kwa moyo. Anayekasirika, umemjua.

Na wenye nafasi ya kusoma, someni. Kinshasa, Bukavu, ao mbali zaidi kama mlango utafunguka. Someni hesabu hasa, ile mnayoiogopa. Halafu mrudi. Fundi wa pampu bado anaandika. Muuguzi wa zamu bado anaandika. Tunataka mtu wa tatu, atakayeyafungua yale madaftari, awe mtoto wa hapa.