Kukaa Shamba na Kukaa Mjini: Maneno kwa Watu wa Ugogo

Leo twataka kusema nanyi juu ya neno ambalo twalisikia kila tupitapo, Mvumi, Hombolo, Bahi na Kongwa: je, lipi lililo bora kwa mtu, kukaa kijijini penye utulivu, au kwenda kukaa mjini penye watu wengi na kelele? Vijana hulisema wakicheka, wazee hulisema wakisikitika. Nasi twaona yafaa lizungumzwe sawasawa, kwa kuwa siku hizi si kijana tu aufuataye mji. Mji wenyewe unatembea, nao umekwisha kufika katika mashamba ya watu.

Kwanza habari ya kijiji. Wengi hukisifu kana kwamba tumekirithi kwa mababu wa mababu. Sivyo. Babu zetu hawakukaa vijijini. Walikaa mbalimbali, kila mzee na tembe yake yenye paa la udongo lililo sawa, ng'ombe wake uani, na shamba lake la uwele na mtama karibu na mlango. Serikali ilipofanya Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, watu walihamishwa wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa, na nyumba zikapangwa kwa safu. Wako waliofurahi kwa ajili ya shule, zahanati na maji. Wako walionung'unika kwamba mashamba yamekuwa mbali na ng'ombe hawana nafasi. Basi manung'uniko hayo ndiyo yale yale tuyasikiayo leo kwa mtu aliyehamia mjini: nafasi haba, shamba mbali, majirani tele. Yaani sisi watu wa nchi hii tumekwisha kukusanywa mara moja, na ladha yake twaijua, tamu yake na chungu yake.

Sasa habari ya mji. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, kukawa na stesheni, boma na maduka. Kwa miaka mingi haukuwa mji wa kumtisha mtu. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na ramani iliyochorwa miaka michache baadaye ilikusudia mji ulio kama vijiji vingi vilivyounganishwa, si mji wa kusongamana. Kazi ilikwenda polepole sana. Lakini tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, mambo yamekwenda mbio: mwaka 2018 Dodoma ikaitwa Jiji, mwaka 2019 mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, mahali ambapo watu walikuwa wakilima, mwaka 2023 Ikulu mpya ikazinduliwa Chamwino, penye kijiji cha ujamaa cha zamani, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuja kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wakazi wa manispaa walikuwa 410,956. Mwaka 2022 walihesabiwa 765,179. Mwenye kudhani kwamba mji utasimama ulipo na kumngoja afanye shauri lake, na azitazame hesabu hizo.

Tukisema juu ya utulivu wa kijiji, hatutaki kuudharau. Mtu alalaye akisikia mbwa na upepo tu, amkaye akawajua wote apishanao nao njiani, huyo ana mali isiyonunuliwa. Akifiwa hazikwi na wageni. Akikosa chumvi, huomba kwa jirani. Lakini tusijidanganye: kijiji cha Ugogo chaishi kwa mvua moja. Huanza Desemba, huisha Aprili, na mara nyingi hukatika Februari katikati, mahindi yakafa na uwele ukasimama tu ukiomba. Njaa ile iitwayo Mtunya, ya mwaka 1918 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi mno walikufa, na wengine wakatawanyika nchi za jirani. Ukimya wa kijiji waweza kuwa utulivu, tena waweza kuwa njaa. Mgeni hatambui tofauti, mwenyeji huitambua.

Mji nao waishi kwa fedha ya leo. Maji hununuliwa, mkaa hununuliwa, hata mlenda ambao mama zetu waliuchuma bure hununuliwa kwa mafungu. Kijana aendaye bila kazi aijuayo huishia kubeba mizigo sokoni, au kuendesha pikipiki ya mtu mwingine, na jioni hesabu ni ya mwenye pikipiki kwanza. Wasichana wadogo huchukuliwa kwenda kutumika nyumbani mwa watu, na wazazi hawajui hata mtaa wanaokaa. Hilo la pili twalisema kwa uchungu. Mzazi ampaye mgeni mtoto wake bila kujua jina la mtaa, asiseme kwamba mji ndio uliomharibu.

Lakini jambo kubwa tulilokuja kulisema ni hili: hatari kubwa si kwenda mjini, wala si kubaki kijijini. Hatari ni kuuza shamba. Tuseme mtu ana shamba lake karibu na barabara. Anakuja mgeni mwenye gari, anataja fedha ambazo mwenye shamba hajapata kuziona zote pamoja. Anauza. Ananunua mabati, ananunua pikipiki, anafanya arusi ya mwanawe. Baada ya miaka miwili mabati yapo, pikipiki imeharibika, na uwele anaununua kwa debe kama mtu wa mjini, lakini mshahara wa mtu wa mjini hana. Huyu hakuchagua kijiji wala mji. Amevikosa vyote viwili, na wanawe watakosa pamoja naye.

Basi yafaa kila mtu ajue sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, yampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Na shamba la namna hiyo haliuzwi kwa siri baina ya watu wawili, Halmashauri ya Kijiji sharti ihusike. Sheria hiyo hiyo yasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Wazee, hapo tusigeuze nyuso. Serikali ikitaka shamba kwa kazi ya umma, fidia iwe kamili na ya haki, ilipwe bila kukawia. Tena mjue kwamba kijiji kikiisha kuingizwa katika mpango wa mji hugeuka mtaa, na mambo yake huendeshwa kwa sheria nyingine. Asiyeandikisha mapema ataanza kutafuta mashahidi wakati mawe ya mpaka ya watu wengine yamekwisha kupandwa.

Twaona waliofanikiwa ni wale ambao nyumba yao moja ina miguu miwili. Kijana mmoja yuko mjini akijifunza uashi au ushonaji, mwingine yuko shambani. Mjini hutoka fedha ya ada, kijijini hutoka uwele na karanga. Zabibu zetu ni mfano mzuri. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini huoza upesi, na bila mji na barabara yake mkulima huzitazama zikiharibika juu ya mzabibu.

Walimu, nanyi msikasirike tukisema neno. Mtoto akichelewa shuleni hupewa jembe, akipiga kelele hupewa jembe. Miaka mingi mtoto hufundishwa kwamba jembe ni adhabu, kisha twashangaa akilikimbia. Mpeni jembe yule aliyeshinda hesabu, apime eneo la shamba la shule na kukisia mavuno yake.

Mwenye shaka juu ya mpaka wake aende kwa mtendaji wa kijiji pamoja na jirani zake kabla ya mvua za Desemba, wakati mabua yamekwisha kuondolewa na mpaka waonekana. Aende na mkewe na wanawe wakubwa, wauone wote.