Tone la Kisiginoni na Deni la Majibu



Mwaka 1934, nchini Norwei, mama mmoja mwenye watoto wawili wenye ulemavu wa akili alikataa kuambiwa kwamba sababu haijulikani. Daktari Asbjørn Følling akapima mkojo wa watoto hao, akagundua kuwa miili yao haiwezi kuchakata fenilalanini, sehemu ya protini iliyomo hata kwenye maziwa. Miaka ya 1950 ikapatikana lishe maalumu ya ugonjwa huo, fenilketonuria. Lakini lishe hiyo huokoa ubongo ikianza kabla ya dalili, na watoto walikuwa hawafikishwi hospitalini mpaka dalili zionekane. Robert Guthrie, wa Buffalo huko Marekani, ndiye aliyelifungua fundo hilo: tone la damu ya kisigino likaushwe kwenye karatasi, lipelekwe maabara hata kwa posta. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likaufanya upimaji huo kuwa sheria.

Kwetu, ugonjwa unaodai karatasi hiyo kwanza ni selimundu, au siko seli kama wanavyosema wazazi kliniki. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hiki kimestawi palipo na mbu wa malaria, ukiwemo ukanda wa Ziwa Victoria na Pwani.

Ugonjwa huu una hila. Mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini ya tumboni, ambayo humlinda kwa miezi ya mwanzo. Ananyonya, anaongezeka uzito, kadi yake ya kliniki inapendeza. Himoglobini hiyo ikipungua, vidole huvimba, wengu huanza kuharibika, na bakteria wa nimonia wanaweza kumwua kabla ya mtu yeyote kutamka neno selimundu. Kijijini kifo hicho huitwa homa, au huitwa mkono wa mtu.

Dawa ya kumkinga ni ya zamani na ya bei nafuu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Tangu hapo hoja ya kupima watoto wote ikapata miguu, maana ugonjwa usio na tiba ya mapema haupimwi kwa udadisi.

Tusijitetee kwa kusema hatuna miundombinu. Uganda ilichukua kadi za damu zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto, ikazipima upya kwa selimundu. Katika sampuli zaidi ya 97,000, asilimia 13.3 zilikuwa na kinasaba kimoja na asilimia 0.7 zilikuwa na ugonjwa wenyewe. Njia ya kadi kutoka zahanati hadi maabara ilikuwepo tayari.

Kinachonikosesha usingizi ni safari ya majibu kurudi kwa mzazi. Mashine hukatiwa utepe na waheshimiwa. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya muuguzi anayemtafuta mama aliyebadilisha namba ya simu. Na majibu yakifika, yanaingia ndani ya ndoa. Ili mtoto augue, kinasaba lazima kitoke kwa baba na kwa mama pia, lakini anayerudishwa kwao ni mama. Kwa hiyo ushauri nasaha ni sehemu ya kipimo, na baba aitwe siku hiyohiyo.

Fenilketonuria huhitaji kusubiri mtoto anyonye siku moja au mbili, wakati wazazi wengi wameshaondoka wodini. Selimundu haina sharti hilo. Mtoto aliyezaliwa nyumbani anaweza kupimwa akiletwa kwenye chanjo ya wiki ya 6, na penisilini ikaanza kabla kinga ya kuzaliwa nayo haijaisha.

Ombi langu kwa wapangaji wa bajeti ni fupi: wekeni penisilini kwenye rafu ya zahanati na mshahara wa mfuatiliaji kwenye vitabu kwanza, ndipo mtoto achomwe kisigino.