KUNUNUA MASHUA ILIYOKAA BAHARINI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli, Mombasa)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana katika nyumba za reli, yaani wanachama kuchanga fedha wanunue mashua iliyokwisha kutumika, wapate kuvua au kuchukua mizigo. Shauri ni jema. Lakini fedha hizo ni jasho la watu wengi, na pengine mmoja wao ametia malipo yake ya kustaafu, ambayo hayaji mara mbili. Basi tusinunue rangi, tununue mashua.

Sisi watu wa reli twaijua kutu. Chuma kilichoko Mombasa huliwa upesi kuliko chuma cha Nairobi, na hapo ni hewa ya bahari tu. Mashua hulala ndani ya chumvi yenyewe. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna chumvi kama gramu 35.

Jambo la kwanza ni misumari. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kunywa. Shaba na chuma vikigusana humo, umeme mdogo hupita kati yake, na chuma ndicho kinacholiwa. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao Alarm kwa mabamba ya shaba upande wa chini, ili isitobolewe na wadudu. Ilipokaguliwa baadaye, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Mwaka 1824 bwana Humphry Davy alionyesha kwamba kipande cha zinki kikiunganishwa na shaba, zinki huliwa badala yake. Ndiyo sababu mashua nyingi za injini zina kipande cha zinki karibu na rafadha. Kikiwa kimekwisha kabisa, jueni kwamba bahari imeanza kula kitu kingine. Kikiwa kimepakwa rangi, hakifanyi kazi.

Basi tutazame mbao. Mkiona machozi ya kutu, au mbao nyeusi na laini kuzunguka msumari, ombeni ruhusa ya kung'oa msumari mmoja au miwili. Mara nyingi kichwa ni kizima, lakini katikati, pale ubao unapokutana na taruma, msumari umekuwa mwembamba kama sindano.

Jambo la pili ni wadudu watoboao mbao. Kwa kweli ni jamaa ya chaza. Huingia wakiwa wadogo sana, na tundu la nje ni kama kichwa cha pini, kisha ndani hupanua njia kila wanavyokua. Kwa hiyo ubao waweza kuonekana mzima na ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mafundi wetu wa pwani hupaka deheni, yaani shahamu na chokaa, kuwazuia. Muulizeni mwenye mashua alipaka lini mara ya mwisho.

Watu wa reli tangu zamani hugonga magurudumu kwa nyundo wasikilize mlio. Fanyeni vivyo hivyo kwa nyundo ndogo, toka omo mpaka shetri, hasa kwenye mkuku. Ubao mzima hulia wazi, ulioliwa hulia mfu. Tena kumbukeni kwamba chumvi yenyewe haiozeshi mbao. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyotuama ngamani na chini ya sitaha. Huko pia tieni ncha ya kisu.

Jambo la tatu ni injini. Injini nyingi hupozwa kwa maji ya bahari, na zisiposafishwa kwa maji baridi baada ya safari, chumvi huganda katika njia zake. Iwasheni ikiwa haijapashwa moto, mtazame kama maji yanatoka kwa nguvu. Fungueni oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia.

Sasa, namna ya kwenda. Muuzaji hupenda kuonyesha mashua maji yakiwa yamejaa, inang'aa. Sisi twende wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yakipwa sana mashua itakaa mchangani, na tutauona hata mkuku. Kisha ielee siku mbili, maana mbao zilizokauka huvuja kwanza mpaka zivimbe, ndipo tuhesabu madebe ya maji tunayoyafua kwa saa.

Fundi na tumlipe sisi wenyewe, wala asiwe na chochote kwa dalali. Twende watu watatu, si mmoja. Jina la kwenye hati liwe la anayeuza, na nambari ya injini ilingane. Tupewe risiti kwa jina la wote. Wala tusimalize fedha zote kwa bei, kwa kuwa kalafati, misumari na deheni vyataka fedha tangu mwezi wa kwanza.

Mwenye mashua akikataa nyundo, au akisema kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni, tumwachie huyo wa jioni. Mashua ziko nyingi pwani hii, lakini akiba yetu ni moja, na mashua mbovu ikizama huzama na watu.